Zamu Yetu ni Jumanne

Ivunde, Upare Kusini
20 Januari 1963

Kaka Eliufoo,

Shikamoo. Huku ukungu haujafunuka tangu Jumatano, mama anaanua nguo zikiwa mbichi vilevile alivyozianika. Baba hajambo, ila mguu.

Barua yako aliyoileta Yahaya kwenye lori niliwasomea wazee wa Umoja jana. Nilisoma nimeinama, jasho linanitoka na baridi yote hii. Wewe unanijua, nikiangaliwa na watu wawili tu maneno hunikwama kooni. Kwenye karatasi hayakwami, ndiyo maana baba amenifanya karani wake tangu nimalize darasa la nane. Yeye anasema kwa Chasu, mimi naandika kwa Kiswahili cha shule.

Nilipofika pale unaposema wakuu wako wa Chama wanataka Umoja wetu uungane nao, kwa kuwa nchi changa haiwezi kuvutwa na kamba mbili, Mzee Sebastiani alinikatiza. "Kondoo akiandikiana mkataba na chui, hiyo karatasi inatoka wapi? Si ngozi yake mwenyewe?" Watu wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na ugoro.

Baba hakucheka. Alisema Umoja haukuanzishwa ili mtu apate cheo. Ulianzishwa ili ndiva yetu, bwawa walilolichimba babu zetu kwa mikono, isiamuliwe na mtu ambaye hajawahi kuingia matopeni kuizibua. Usiku inajaa, asubuhi inafunguliwa, kila nyumba na siku yake. Akasema, "Wakituhakikishia hilo, mimi sina ugomvi na mkubwa. Wasipotuhakikishia, tubaki wadogo."

Kwa hiyo anauliza: wanatoa nini?

Mdogo wako,
Rogathe


Same
2 Februari 1963

Mdogo wangu Roga,

Marahaba. Mwambie baba nimezungumza na Bwana Chande, katibu wetu, mtu wa pwani, mwenye haraka lakini si mbaya. Masharti ni haya. Umoja ukileta orodha ya wanachama wasiopungua mia tatu, mtaingia kama kundi: viti viwili katika kamati ya wilaya, na ndiva itabaki mikononi mwa wazee kama ilivyo, kwa maandishi. Mkipungua hapo, kila mtu ataingia peke yake na kadi yake, na ndiva itakuwa chini ya Kamati ya Maendeleo.

Mwambie pia, kwa heshima, kwamba wakati wa vyama vidogo umekwisha. Ninaona mafaili humu ofisini. Waliokubali mapema wamepewa viti. Waliosubiri kushawishiwa, sasa hakuna anayejisumbua kuwashawishi. Mimi ni mtoto wake, simtakii aje kupiga hodi mlango umeshafungwa.

Nimekuwekea daftari mbili na kalamu ya wino. Usimpe Yahaya soga nyingi. (Natania. Najua huwezi.)

Kaka yako,
Eliufoo


Ivunde
17 Februari 1963

Mwanangu Eliufoo,

Mimi baba yako Tumainieli nimekubali. Sijakubali kwa furaha. Nimekubali kwa sababu maji hayawezi kusubiri tumalize kubishana. Mzee Sebastiani ananiita mwali anayejipeleka mwenyewe kwa mume. Nimemwambia bora kujipeleka na masharti kuliko kuburutwa. Kama nimekosea, nitakuwa nimekosea mbele ya watu wote na watanisema mchana.

Orodha hii hapa, majina mia tatu na saba. Yametolewa katika kitabu cha ndiva, kwa kuwa kila mwenye zamu ya maji ni mwanachama wa Umoja. Weka sahihi yako kuwa mdhamini wetu huko. Hatuna mwingine.

Baba yako,
TUMAINIELI MGONJA

(Nyuma ya karatasi)

Kaka, sahihi hiyo ameiandika mwenyewe. Ilimchukua muda, unajua ndilo neno pekee analoliandika. Mengine yote ni mwandiko wangu, na ile orodha nimeinakili mimi kwa siku tatu. Mama anasema baba halali vizuri. Mimi pia. R.


Same
1 Machi 1963

Roga,

Nakuandikia wewe, siyo baba. Usimsomee.

Orodha imefika na Bwana Chande ameifurahia. Amesema hajaona orodha safi namna hii hata kwa makarani wa hapa. Lakini jana niliisoma polepole kabla ya kutia sahihi. Nimeona "Mbwambo wa Kilimani." Si ndiye yule mzee aliyezikwa mwaka nilioanza shule? Nimeona na wengine ambao majina yao nayasikia kama kwa mbali. Nikajiambia labda ni wajukuu waliorithi majina.

Nijibu kwa ukweli. Watu hawa wote wapo? Nikitia sahihi nimeapa.

Eliufoo


Ivunde
6 Machi 1963

Kaka,

Ni wajukuu. Wote ni wanachama, nimewaandika mwenyewe. Tia sahihi.

Mvua imeanza.

Rogathe


Ivunde
31 Machi 1963

Kaka Eliufoo,

Shikamoo. Sijui umeshasikia nini huko, kwa hiyo nakueleza nilichokiona.

Alhamisi Bwana Chande alipanda na lori la Yahaya, na sanduku la kadi. Pembe ilipigwa kama ya kazi ya pamoja ya msaragambo, watu wakaja wengi, wengine na majembe wakidhani ni kazi ya kuzibua mfereji. Aliwekewa meza mbele ya ghala. Akaanza kuita majina kwenye orodha, mwenye jina aitike, aje achukue kadi.

Mwanzo kulikuwa kama sherehe. Kisha akaita, "Mbwambo wa Kilimani!" na Mzee Sebastiani akaitika, "Yupo!" akaenda akachukua. Majina mawili baadaye akaita jina la baba yake Sebastiani. "Yupo!" Mzee akainuka tena. Bwana Chande akamtazama, akampa. Mara ya tatu akaita jina la mama mkwe wa Sebastiani.

"Yupo!"

"Mzee, wewe ni mwanamke?"

Watu wakaangua kicheko. Mzee naye akacheka, akasema, "Mimi ni mkwe wake. Yeye yuko pale chini ya migomba, tangu mwaka wa nzige. Zamu yake ya maji naiitikia mimi. Kwani nyinyi kwenu mtu akifa mnamnyang'anya maji?"

Kaka, hakuna aliyekuwa anafanya mzaha. Unajua jinsi tunavyoita siku ya msaragambo. Jina la aliyechimba halifutwi, mrithi huitika kwa niaba yake, na siku ile ya maji inabaki ni ya marehemu. Lakini yule bwana hakuyajua hayo. Aliona watu mia mbili wanamcheka. Uso wake ulibadilika. Akaanza kuuliza kila jina: huyu yuko hai? Huyu? Na watu wetu, kwa kuwa hawakuona aibu yoyote, wakamjibu kweli tupu. "Huyo alikufa." "Huyo tumemzika juzi juzi tu, mwaka wa hamsini na tatu." Alihesabu marehemu tisini na watatu. Waliokuwa hai ni mia mbili na kumi na wanne.

Akafunga sanduku. Akamwambia baba, "Mzee Mgonja, umeleta makaburi kuja kuomba viti." Baba akataka kumweleza. Hakusubiri.

Jumatatu baba anashuka Same kumwona. Anasema jambo likielezwa vizuri linaeleweka. Tafadhali mpokee stendi.

Rogathe


Same
9 Aprili 1963

Roga,

Baba yuko mahabusu. Alikuja ofisini siku ile ile ya Jumatatu, akavua kofia, akaanza kueleza habari za ndiva tangu babu wa babu. Walimsikiliza mpaka mwisho. Kisha wakamwuliza jambo moja tu: kama orodha ile ni yake. Akasema ni yake. Shitaka ni kutoa orodha ya uongo kwa serikali.

Mapatano yamefutwa. Ndiva itawekwa chini ya Kamati.

Mimi niko salama, bado nina kazi. Usimwambie mama zaidi ya haya. Nampelekea baba uji asubuhi kabla sijaingia ofisini.

Eliufoo


Ivunde
28 Aprili 1963

Kaka,

Nimeanza barua hii mara nne. Naomba uisome hadi mwisho ndipo unichukie.

Siku ya kuandika orodha, wazee wote walikuwa sebuleni kwetu. Walihesabu walio hai, hawakufika mia tatu. Mzee Sebastiani akasema, "Hesabuni kitabu cha ndiva kama kilivyo. Wenye zamu si ndio wenye Umoja?" Wote wakaona ni sawa. Baba peke yake alisita. Mimi nilikuwa naleta chai. Akanigeukia, mbele ya wale wanaume wote, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, wewe umesoma shule yao. Huko kwao nao wanahesabu hivi?"

Kaka, nilijua. Shuleni mwalimu akiita jina, aliyekufa haitwi. Rafiki yangu Lukia alipokufa kwa surua, jina lake lilipigwa mstari mwekundu wiki ile ile. Niliuona huo mstari. Nilikuwa na jibu mdomoni. Lakini watu kumi na wawili walikuwa wananitazama, birika linanichoma mkono, na nilitaka tu watazame pengine. Nikasema, "Ndiyo, baba."

Akanishukuru. Akawaambia wazee, "Mtoto anajua."

Uliponiuliza wewe, nilikuwa na nafasi ya pili, kwenye karatasi, ambako huwa sikwami. Nikaandika "ni wajukuu". Sina la kujitetea kwa hilo. Niliogopa usipotia sahihi ndiva itakwenda na baba atajua nilimdanganya mbele za watu.

Sasa nakuomba. Nenda kawaambie mwandiko ni wangu. Wana daftari zangu shuleni, waulinganishe. Baba hawezi kuandika zaidi ya jina lake, nani asiyelijua hilo? Nitashuka mwenyewe. Nimeshajaribu kusema kwa sauti, peke yangu, kule mferejini: "Mimi ndiye niliyeandika." Inatoka.

Rogathe


Same
20 Mei 1963

Roga,

Usishuke.

Nilikuficha jambo katika barua ya tarehe tisa. Siku ile ofisini, Bwana Chande alipouliza mwandiko ni wa nani, baba alisema wake. Yule bwana hakuamini, kwa kuwa alimwona anashika kofia kwa mikono ya jembe. Akanigeukia mimi. "Wewe ndiye mtoto wake na ndiye mdhamini. Huu ni mwandiko wa baba yako?" Baba alinitazama. Hakunikonyeza, hakufanya lolote, alinitazama tu kama anavyotazama ndiva kabla ya kuzibua, kujua maji yamefika wapi.

Nikasema, "Ndiyo, ni wake." Wiki iliyofuata niliapa hivyo mbele ya hakimu, mkono juu ya Biblia. Wakampa karatasi aweke sahihi. Akaandika TUMAINIELI MGONJA, taratibu sana. Hakuna aliyemwambia aandike neno la pili.

Nataka niseme nilifanya hivyo kwa ajili yako. Ni kweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba kama mwandiko ungekuwa wako, wangeuliza nani alikutuma, nani alikupa daftari na wino, na mimi nisingekuwa tena kwenye kiti hiki. Wewe ulisema ndiyo kwa sababu ya macho ya watu. Mimi pia.

Baba anajua kila kitu kuhusu wewe. Nilimwambia. Alisema, "Nilimwuliza mbele za watu. Kosa ni langu. Mtoto yule haulizwi mbele za watu."

Ana homa. Wengi wa huku wamezaliwa na homa hii, mwili umeizoea. Yeye ni wa mlimani, mbu wa Same hawamjui na yeye hawajui. Nimempelekea dawa. Anatetemeka hata saa sita mchana juani. Jana aliniuliza mara mbili leo ni siku gani.

Eliufoo


Ivunde
9 Juni 1963

Kaka Eliufoo,

Barua yako niliisoma, nikaichoma jikoni, kisha nikajuta kuichoma.

Sijashuka. Nimekutii, sijui kama ni utii au ni ule woga wangu umepata ruhusa.

Bwana Chande alikuja juzi na Kamati mpya. Wanataka kitabu kipya cha ndiva, "cha walio hai tu." Akauliza nani hapa ana mwandiko mzuri. Watu wote wakatazama chini. Nikaona hata kutazama chini ni kunionyesha kidole. Nikaandika mimi, kaka, mezani pale pale mbele ya ghala. Alisimama nyuma yangu akasema, "Mwandiko kama huu nimeuona mahali," kisha akaitwa akaenda kuangalia lori.

Nimewaacha nje wote tisini na watatu. Mzee Sebastiani alikaa karibu yangu akiyataja, mmoja mmoja, kama anawaaga. Siku zake za maji zilikuwa nne, sasa ana moja. Hanitanii tena. Ananiita "karani".

Nyumba yetu nimeiandika hivi: Tumainieli Mgonja, Jumanne. Yuko hai, kwa hiyo sijadanganya. Kitabu kimetiwa muhuri.

Mwambie baba. Mwambie Jumanne bado ni yetu, na lile tundu la upande wa migomba nimeliziba kwa udongo wa mfinyanzi, halivuji.

Rogathe


Same
8 Juni 1963

Mdogo wangu,

Baba amefariki jana alasiri. Hukumu ya kesi ilikuwa bado haijasomwa.

Nilikuwa naye. Mwishoni alikuwa anazungumza Chasu tu, na askari wa zamu, kijana wa Tabora, akawa ananiuliza mzee anasema nini. Alikuwa anagawa maji. Anaita majina ya watu na siku zao, wote, na wale wa zamani pia. Alipofika kwetu akasema Jumanne, mtoto asisahau tundu la kwenye migomba.

Kuna mtu anayekwenda leo hadi Kisiwani, nampa barua hii akutafutie mwingine wa kuileta huko. Ikichelewa, sisi tutaifikia njiani. Jumatatu nakuja na baba kwenye lori la Yahaya. Mwandae mama.

Eliufoo


Ivunde
23 Juni 1963

Kaka,

Barua yako ilifika siku moja baada ya jeneza. Nilikuwa nimekaa na mama jikoni, ndugu bado wamejaa uani, mtu wa Kisiwani akaniletea bahasha yenye mwandiko wako, nikasoma kwamba baba amefariki, na nyuma ya ukuta naona udongo wake bado mbichi. Nililia kama nimeambiwa upya.

Wewe ulikuwa umeshaondoka. Uliondoka na lori lile lile, watu hawajanawa mikono. Mama alikuwekea chakula. Nilikuona ukitazama saa, nikaona pia hukuweza kumtazama Mzee Sebastiani. Sikusemi. Nakuambia tu kwamba nilikuona.

Jumanne iliyofuata, tarehe kumi na nane, ilikuwa siku ya kwanza ya kitabu kipya. Pembe ikapigwa, tukasimama kwenye ukingo wa ndiva, maji yamejaa hadi kwenye jiwe la alama. Bwana Chande akafungua kitabu. "Zamu za leo. Wa kwanza, Tumainieli Mgonja."

Kila mtu alikuwa amemzika.

Nikasema, "Yupo."

Kaka, sauti ilitoka kubwa mpaka mimi mwenyewe nikashtuka. Bwana Chande akainua uso. Alitazama kitabu, akanitazama mimi, akatazama kitabu tena, na nikajua sasa amekumbuka ule mwandiko ameuona wapi. Nikasema kabla hajauliza. "Ni mimi. Na ile orodha ya kwanza ni mimi. Baba hakujua kuandika."

Akanichukua pembeni, kwenye mti ule uliokauka, akasema polepole, wala hakuwa na hasira, na hilo ndilo linaloniumiza. "Binti, jalada lile lina sahihi ya marehemu, na lina kiapo cha kaka yako. Marehemu hawezi kufungwa. Ukilirudia neno hilo mbele ya mtu mwingine, atakayeingia ndani ni aliyeapa uongo. Umenielewa?"

Nikamwambia nimeelewa.

Tukarudi kwa watu. Akawaambia binti amechanganyikiwa na msiba. Wakaitikia, wengine kwa huruma ya kweli. Basi hivyo ndivyo ilivyokwisha. Mara ya kwanza katika maisha yangu nimesema ukweli mbele ya watu, na nimeambiwa ni wazimu, na nimenyamaza kwa ajili yako kama baba alivyonyamaza kwa ajili yangu.

Akanipa kalamu. "Futa, hapa ni walio hai tu." Nikafuta. Mstari mmoja, kwa rula, kama ule wa Lukia. Akasema, "Andika la kaka yako badala yake. Ana kadi." Mama alikuwa amesimama pale na jembe. Alinitazama.

Sikuandika. Nilimwambia kaka yangu anajua kuandika, atakuja mwenyewe.

Nafasi iko wazi mbele ya Jumanne, kaka. Kanuni ya Kamati ni kwamba zamu isiyo na jina inapewa jirani hadi mwenyewe atokee. Asubuhi ile walifungua, maji yakapita kando ya migomba yetu yakaenda kwa mtu mwingine. Nilisimama karibu na lile tundu nililoliziba. Halikuvuja hata tone.

Ukija, uje siku ya pembe, watu wakiwepo. Uandike jina lako huku wanakutazama.

Rogathe Mgonja